Maji ya Paa la Buffalo

Niliondoka Newburg, mtaa wetu wa Louisville, Kentucky, kwa sababu binti yangu Neema alijifungua mtoto wa kiume kule Buffalo, na watu wa ukoo wa mume wake walitaka kumtoa nje kwa desturi yao. Mume wake, Kodzo, ni mtu wa kabila la Ewe kutoka Togo. Kwao mtoto mchanga hukaa ndani kwanza. Siku ya nane hutolewa, maji hurushwa juu ya paa la nyumba, na yanaporudi chini kama mvua mtoto hupitishwa hapo, jina lake likaitwa. Wazee waliokufa nao huambiwa kwamba mgeni amefika.

Neema alinieleza yote hayo kwa simu. Halafu akasema, "Mama, mtu wa kumpokea mtoto chini ya paa lazima atoke upande wangu. Na huku upande wangu sina mtu. Ni wewe."

"Na nisipompokea?"

"Watampokea wao. Lakini watajua upande wa mama haukumtaka. Hawatasema. Watajua tu."

Nikamwambia nitakuja, tutaona.

Jumatano, kwenye maombi yetu ya akina mama pale Newburg, nikaomba waniombee safari. Mama Furaha, Mkongo wa Uvira anayetuongoza, alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mkali, nisije nikamsema vibaya. Nilipougua mgongo, ni yeye aliyenipikia wiki nzima. Akasema, "Kwenda, uende. Mutoto ni mutoto. Lakini ile saa ya maji na ya kuita bafu, weye usiguse. Utuahidi."

Bafu kwao ni wafu. Nikaahidi mbele ya wote kwamba sitagusa. Kwa hiyo nilipanda basi nikiwa nimemwachia Neema matumaini na akina mama ahadi, mambo mawili yasiyokaa pamoja, na mimi ni mtu wa darasa la sita la kambi ya wakimbizi kule Tanzania, sina elimu ya dini ya kuyapatanisha.

Alhamisi asubuhi, Louisville. Basi liliondoka kando ya mto Ohio mvua ikinyesha. Nilikuwa na chapati, mayai ya kuchemsha, na kitenge kipya cha kumbebea mjukuu. Njia nzima hadi Cincinnati nilijaribu kusali, lakini kila nikifumba macho naona bati la kambini. Mvua ikija tulikuwa tunatoka na ndoo na masufuria, tunapigania pembe nzuri ya bati. Nikakumbuka pia kwamba sisi Warundi mtoto hutolewa nje, au zamani alitolewa. Mama yangu alimtoa mdogo wangu, akaita watoto wa majirani, wakala ugali na maharage, wakamwita jina kwa zamu. Baadaye tukawa watu wa kanisa la kambini na jambo hilo likaisha bila mtu kulikataza. Sijui liliisha lini. Niliwaza hilo mpaka Columbus na sikupata jibu.

Alhamisi jioni, Reynoldsburg, kando ya Columbus. Aliyenipokea stendi, nilale kwake kisha twende Buffalo pamoja, ni shangazi yake Kodzo. Kwa Kiewe shangazi wa upande wa baba huitwa Tasi, naye ni Tasi Afi. Nilitegemea mama mkubwa mwenye shanga na vitambaa vyeupe. Akashuka kwenye gari mwanamke mwembamba mwenye sare ya kazi ya kutunza wazee, beji bado inaning'inia.

"Bon! Weye njo Mama Neema?" akasema. "Karibu. Uko muzito! Unakula nini Kentucky?"

Nikashangaa. "Unajua Kiswahili?"

"Nilifanya kazi ya maboxi na Bakongo. Kama haujue Kiswahili, pale utakula peke yako. Kilinikamata."

Nyumba yake iko ghorofa ya pili, kwenye apatimenti kama zetu tu, ngazi za nje na sehemu ya kuegesha magari. Alinipa wali na samaki wa pilipili, nikalia machozi, akacheka. Halafu akatoa mfuko wa unga wa mahindi. Ni unga uleule ninaonunua mimi wa ugali, mfuko uleule.

"Wa kesho kutwa," akasema. "Kwetu tunachanganya maji na unga, tunamwaga chini, tunaita bazee. Na pombe ya nguvu. Pombe, miye niliiacha. Niko mu kwaya, pasta atanusa mudomo yangu. Maji na unga inatosha. Bazee hawajalalamika."

Nikauliza, kwa sababu nilikuwa nataka kujua kweli, si kumshitaki. "Tasi, wewe unaimba kanisani. Hao wazee unawaabudu?"

Akaacha kufunga mfuko. "Mama yako iko wapi?"

"Alifariki kambini."

"Siku Neema alizaa, haukumuambia kitu mama yako? Hata mu roho?"

Nilikuwa nimemwambia. Nilikuwa kazini ghalani, nimeshika boksi, nikasema kwa sauti, "Mama, ni mvulana." Lakini kumwambia mama yangu neno moja na kumwagia maji watu nisiowajua si kitu kimoja, na nikamwambia Tasi hivyo. Akasema, "Bon, ni kweli." Hakukasirika.

Akanionyesha baraza dogo la ghorofani. Hapo ndipo walipotolewa nje watoto wawili wa mpwa wake mwingine. Paa haliguswi, meneja hataki mtu arushe kitu. Basi wakafungua mwavuli, wakaumwagia maji, mtoto akapita chini.

"Parapluie, ule mwavuli, njo ilikuwa nyumba," akasema. "Maji ikaenda kwa muzungu wa chini, alikuwa anachoma nyama. Akapanda hapa na hasira. Tukamuonyesha mutoto. Akakula na sisi."

Nilicheka mpaka mgongo ukanikumbusha. Ila nilipolala niliwaza, kama mwavuli unaweza kuwa paa, basi jambo hili lina nafasi ndani yake. Halafu nikajishuku, nikajiambia pengine hivyo ndivyo mtu anavyoanza kupotea.

Ijumaa, barabarani. Tuliondoka asubuhi kwa gari la Tasi, tukapanda kaskazini mpaka Cleveland, halafu tukafuata ukingo wa ziwa Erie. Ziwa lilikuwa la rangi ya sufuria, na barafu chafu ilikuwa imebaki pembeni ingawa kwetu Louisville miti ilishachanua. Tasi alikuwa anaendesha huku akisema maneno ya Kiewe peke yake, anasimama, anarudia.

"Unasali?" nikamwuliza.

"Niko najifunza."

Hapo ndipo alipofunguka. Katika ukoo wao, anayemwaga maji na kuita wazee ni mwanaume mkubwa wa nyumba. Huyo ni kaka yake, anaishi Columbus, naye hakupewa ruhusa kazini. Wikiendi hiyo ghala lao lilimtaka kila mtu. Ameshatuma maneno kwa simu, na kazi yote imemwangukia Tasi.

"Mwanamuke hajawahi kufanya hii kwa nyumba ya baba yangu," akasema. "Hata siku ya nane imekosa. Mutoto alizaliwa mardi, Jumanne, donc siku ya nane ilikuwa mardi. Nani anapata mardi? Nikasema samedi, Jumamosi, njo siku ya nane ya Amerika. Bakubwa ku Togo bakakubali kwa telephone. Lakini miye naogopa. Nikikosa neno moja, ni miye nitakuwa nimekosa, hakuna atasema ni kazi ao ni Amerika."

Nilimtazama mikono ilivyobana usukani. Mpaka hapo nilidhani katika gari lile mwenye hofu ni mimi tu.

"Na mimi nimewaahidi watu wa maombi kwamba sitamgusa mtoto," nikamwambia. Niliona si haki afike Buffalo bila kujua.

Tulipita lori moja, la pili. Halafu akasema, "Neema anajua?"

"Hapana."

"Umuambie leo. Hapana kesho mbele ya batu."

Ijumaa jioni, Buffalo. Neema na Kodzo wanakaa West Side, ghorofa ya chini ya nyumba ya zamani ya mbao, rangi imebanduka, baraza mbele lenye paa lake. Jirani wa juu ni Mburma, wa upande wa pili ni Msomali. Tasi alipogonga alisema "Agoo!" na ndani Kodzo akaitikia "Amee!" Hivyo ndivyo wanavyobisha hodi. Kodzo alinishika mkono kwa mikono miwili, akainama, hakunitazama sana usoni. Nilimpenda kwa hilo. Wengi wa rika lake siku hizi humwita mama mkwe kwa jina.

Mtoto alikuwa amelala. Ana kisogo cha marehemu mume wangu, sitaki mtu abishe. Jina la Komla lilikuja lenyewe, kwa kuwa kila mvulana wa kwao aliyezaliwa Jumanne ni Komla. Jina la pili lilikuwa limeachwa wazi.

"La kwako, mama," Neema akasema. "Unalitaja kesho ukiwa umemshika."

Tulikuwa jikoni wawili tu. Nikamwambia ahadi yangu ya Newburg. Nilitegemea apige kelele, maana hasira anazo, za baba yake. Akaendelea kukunja nguo za mtoto. Alipochoka kukunja akasema, "Unakumbuka nilipoolewa? Ukoo wa Kodzo walikuja watu kumi na kitu. Wa kwangu mlikuwa wewe na Mama Furaha. Mpiga picha akatuambia tusogee katikati ili tuonekane wengi."

"Nakumbuka."

"Sikulazimishi. Ila usisimame mbali sana kesho."

Jumamosi asubuhi. Jua lilitoka, lakini baridi ya kukata masikio. Watu walijaa uwanja mdogo wa mbele: Waewe wa Buffalo na nguo zao nzito za kufumwa juu ya majaketi, Mburma wa juu na watoto wake, Msomali na sinia la sambusa. Ndugu wa Togo walikuwa ndani ya simu, mtu ameishika juu kama taa. Mimi nilijitafutia mahali pangu. Nikaenda kwenye kona ya nyumba, karibu na mapipa ya taka, mikono nimekunja, kitenge changu begani. Nilikuwa naona kila kitu bila kuwa ndani yake. Niliona ni mahali pa haki kwa mtu mwenye ahadi huku na ombi la binti yake kule.

Tasi Afi alikuwa amevaa nyeupe. Bakuli la maji na unga mkononi, sauti inatetemeka. "Agoo!" Watu wote, "Amee!" Akamwaga kidogo kwenye udongo, akaita majina. Niliomba baadaye anifasirie, nami naandika alivyoniambia: aliwaambia wazee waje waone, wanywe, na wakiondoka waondoke na homa na kifua na kila baya. Hapo sikubaliani naye, na nilimwambia sikubaliani. Lakini sikusikia neno lolote la kumdhuru mtu, na ningekuwa mwongo nikisema nilisikia.

Alipomaliza, Kodzo akachukua jagi la maji. Mwanamke mmoja wa kwao alikuwa amemshika Komla chini ya ukingo wa paa la baraza, kwa kuwa mimi sikusogea. Kodzo akarusha. Maji yakapanda vizuri, yakatua juu ya paa kwa kishindo, watu wakainua mikono.

Hakuna kilichoshuka.

Tukangoja. Hata tone. Kodzo akarusha jagi la pili, kwa nguvu zaidi. Yakatua, yakapotea. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Paa la Amerika lina kiu!" Wachache wakacheka, halafu wakaacha, kwa sababu ndani ya simu kule Togo mzee mmoja alikuwa anauliza jambo na hakuna aliyetaka kumjibu. Nilimwona Neema mlangoni, mkono mdomoni. Nilimwona Tasi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta neno alilokosea.

Ndipo miguu yangu ikaloa.

Mwanzo nilidhani ni theluji inayeyuka. Nikatazama chini. Pale kwenye kona, kando ya pipa, kuna lile bomba la bati linaloteremka ukutani, na mdomo wake ulikuwa unatema maji juu ya viatu vyangu. Nikatazama juu. Paa la baraza lina gata, ule mfereji wa ukingoni, na mwaka huo mtu alikuwa ameusafisha vizuri. Mtu huyo ni Kodzo mwenyewe, alisafisha kwa heshima ya wageni. Kwao Togo na kwetu kambini paa halina mfereji, maji hushuka popote yanapotaka. Hapa yalikuwa yamekusanywa yote, yakazungushwa nyumba, yakaletwa kwenye kona ya mtu aliyejificha.

Sisemi ni ishara. Bomba lilipigiliwa pale kabla Neema hajazaliwa. Ila nilijua jambo moja: nikinyamaza, mambo yanaharibika yenyewe, mimi nabaki na ahadi yangu safi, na hakuna atakayenilaumu. Nilipoliona hilo, nilijichukia kidogo.

"Yanatoka huku!" nikapiga kelele. "Tasi! Maji yanatoka huku!"

Watu wote wakageuka. Kodzo akaja mbio, akatazama bomba, akatazama gata, akashika kichwa. "Mama, ni mimi!" akasema. "Ni mimi nimesafisha!" Kicheko kilichopasuka hapo, nadhani kilisikika mpaka ziwani. Tasi akatembea taratibu na bakuli lake, uwanja mzima nyuma yake, na ile simu ya Togo ikiwa juu. Akasimama mbele yangu. Yule mwanamke alikuwa nyuma yake na mtoto.

Nilimwambia Mungu, nisamehe kama nakosea, na kama sikosei nisaidie nisimwangushe. Nikashusha kitenge begani, nikafungua mikono.

"Nipe mjukuu wangu."

Kodzo akarudi mbele na jagi la tatu. Tukasikia kishindo juu, halafu maji yakikimbia ndani ya gata, yakaguguma kwenye kona, yakashuka ukutani karibu na sikio langu. Nikachuchumaa, nikatoa mguu mmoja wa Komla kwenye soksi. Maji yakaja, ya baridi kali, yakamgusa kisigino. Mtoto akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtoto wa umri ule.

"Komla!" Tasi akaita, na sauti haikutetemeka tena.

"Irakoze!" nikaita mimi. Kwa Kirundi ni kumshukuru Mungu. Nikaongeza, kwa sauti, kila mtu asikie, "Kwa jina la Yesu!" Sikuwa na uhakika watapokeaje. Wakaitikia wote, uwanja mzima, na Msomali wa watu akaitikia kwa namna yake, halafu ngoma zikaanza. Neema alikuja mbio pekupeku kwenye ile baridi, akatukumbatia mimi na mtoto pamoja, akasema neno moja tu, "Mama," akalirudia. Kutoka Togo mzee aliuliza tena. Tasi akamjibu kwa Kiewe kirefu, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema nyumba ya Amerika iko na mulango ya maji, na mama ya Neema njo alikuwa anaichunga." Akapangusa macho na kiganja. "Na anasema nilisema muzuri. Maneno yote."

Tulicheza mpaka nikasahau kwamba nina mgongo.

Jumapili tulikwenda kanisani, Tasi na mimi, benchi moja. Alijua sauti ya pili ya kila wimbo.

Jumatatu nilipanda basi la kurudi, soksi kavu, kitenge nimekiacha Buffalo. Njiani sikuona ziwa wala mito. Nilikuwa natafuta maneno ya kuwaambia akina mama, na kila niliyoyapata niliyaona ama ya kujitetea ama ya kujisifu.

Jumatano, Newburg. Nikasimama kwenye maombi. Nikasema, "Niliwaahidi sitagusa. Niligusa. Nilimshika mimi mwenyewe, na wakati huo wazee wa kwao walikuwa wameshaitwa." Kisha nikaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, pamoja na pale nisipokubaliana na Tasi, na pale anaponishinda. Nikawaonyesha kwenye simu picha ya mguu wa Komla na mdomo wa bomba. Mama mmoja alitikisa kichwa na bado anatikisa, na ana haki yake. Nilipofika kwa Kodzo kusafisha gata, wengine walishindwa kujizuia.

Mama Furaha hakucheka. Aliishika simu muda mrefu. Mwisho akasema, "Kwetu tulikuwa tunatoa batoto inje pia. Bibi yangu alikuwa anafanya. Miye, batoto bangu wote bane, hapa Amerika, hakuna hata moja alitoka. Balitoka tu hospitali, bakaingia mu gari."

Akautazama tena mguu wa Komla kwenye simu.

"Mutoto ya binti yangu anazaliwa mwezi huu," akaendelea. "Bazee sitaita. Maji na unga ya kumwaga chini sitaki. Lakini tutamutoa, maji safi ya juu imuguse, tutaita jina yake, tutaomba. Na weye utamubeba, sababu mikono yako inajua." Akanirudishia simu. "Tunakaa ghorofa ya tatu, Mama Neema. Tutafanya je?"

Nikamwambia atafute mwavuli mkubwa, na amtahadharishe jirani wa chini.